Mganga Tissot na Barua za Wagonjwa

1. Mtoto wa Grancy

Watoto, leo tusome habari za mganga mmoja wa zamani. Jina lake ni Samuel Auguste Tissot. Alikaa karibu maisha yake yote katika mji mdogo wa Uswisi, lakini sifa zake zilienea katika Ulaya nzima. Wafalme walimwita, na wakulima walimpenda. Wagonjwa waliokaa mwendo wa siku nyingi walimwandikia barua kumwomba shauri. Wengi wao waliumwa kichwa na tumbo. Tutaona namna alivyowatibu watu ambao hakuwaona kwa macho. Tutaona pia mahali alipokosea, kwa maana hata mwenye akili nyingi hukosa.

Tissot alizaliwa mwaka wa 1728 katika kijiji cha Grancy, katika nchi ya Vaud. Ni nchi ya vilima, mashamba ya ngano na mizabibu, na chini yake liko ziwa kubwa liitwalo Leman. Siku zile watu wa Vaud hawakujitawala. Walikuwa chini ya wakubwa wa mji wa Bern.

Utoto wake Tissot aliupitisha katika kijiji cha L'Isle, kwa jamaa yake mmoja aliyekuwa mchungaji wa Waprotestanti. Huko aliwaona wakulima kila siku. Aliwaona wakilima, wakivuna, na alipopita mganga wa uongo aliwaona wakitoa fedha yao yote kununua maji yasiyo na faida. Hayo hakuyasahau.

Alipokuwa kijana alipelekwa Geneva kusoma. Mwaka wa 1745 akaenda Ufaransa, katika mji wa Montpellier, penye shule ya waganga iliyojulikana sana tangu zamani. Alisoma kwa bidii miaka minne. Mwaka wa 1749, alipokuwa na miaka ishirini na mmoja tu, akapewa cheo cha mganga. Basi akafunga vitu vyake, akarudi kwao, akaanza kazi katika mji wa Lausanne.

2. Mganga wa maskini

Siku zile ndui ilikuwa kama adui asiyechoka. Iliingia katika mji, ikaua watoto wengi, kisha ikaenda zake, na baada ya miaka michache ikarudi. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho.

Tena desturi ya kuwatunza wagonjwa ilikuwa mbaya. Mtu akishikwa na homa, jamaa zake hufunga madirisha yote. Huwasha moto mkubwa katika chumba, humfunika mgonjwa mablanketi mengi, na humnywesha divai ya moto pamoja na dawa kali, ili atoke jasho. Walidhani jasho litaondoa ugonjwa. Maskini mgonjwa aliungua kwa homa ndani, na kwa moto nje.

Tissot aliyakataa hayo. Aliamuru madirisha yafunguliwe na moto uzimwe. Aliondoa mablanketi, akampa mgonjwa maji ya shayiri, au maji yenye ndimu kidogo, anywe mara kwa mara. Wazee walitikisa vichwa, wakasema kijana huyu atawaua watu kwa baridi. Lakini walipoona kwamba wagonjwa wake wanapona kuliko wagonjwa wa waganga wengine, wakanyamaza. Mwaka wa 1752 wakubwa wa mji wakamweka awe mganga wa maskini wa Lausanne.

Mwaka wa 1754 alitoa kitabu cha kutetea desturi ya kuchanja ndui. Kuchanja kwa siku zile hakukuwa kama kwa siku zetu. Waganga walitwaa usaha kidogo katika kidonda cha mtu mwenye ndui nyepesi, wakautia katika mkwaruzo wa ngozi ya mtu mzima asiye mgonjwa. Mtu huyo aliugua kidogo, kisha akapona, na ndui haikumpata tena. Lakini kulikuwa na hatari. Wachache walikufa kwa kuchanjwa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wengine. Kwa hiyo wazazi wengi waliogopa, na watu wengine walisema ni dhambi kumtia ugonjwa mtu mzima. Tissot alijibu kwa hesabu: waliokufa kwa kuchanjwa ni wachache sana, na waliokufa kwa ndui yenyewe ni wengi mno. Basi mzazi anayemkataza mtoto asichanjwe hamwondolei hatari, bali anamwacha katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Mwaka wa 1796 mganga Mwingereza, Edward Jenner, alivumbua chanjo iliyo bora, kwa kutumia ugonjwa mwepesi wa ng'ombe. Chanjo ikaenea dunia nzima, na mwaka wa 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Lakini wale waliothubutu kwanza, Tissot akiwa mmoja wao, ndio waliofungua njia.

3. Kitabu cha watu wa shamba

Mganga wa maskini hupanda vilima na kushuka mabonde, lakini mtu mmoja hawezi kufika po pote. Tissot aliona kwamba watu wengi wa vijijini wanakufa kwa sababu mganga yuko mbali, na aliye karibu ni mdanganyifu. Akafikiri moyoni mwake: mimi siwezi kufika katika kila nyumba, lakini kitabu chaweza.

Basi mwaka wa 1761 akachapisha kitabu cha kuwashauri watu wa kawaida juu ya afya yao. Hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wenye elimu. Alikiandika kwa Kifaransa, tena kwa maneno mepesi. Alijua kwamba wakulima wengi hawawezi kusoma. Kwa hiyo aliwaomba wale wanaojua kusoma wawasomee wenzao: wachungaji, wakubwa wa vijiji, wakunga, na walimu wa shule. Ndiyo, watoto, hata mwalimu wa kijiji alipewa kazi katika vita hiyo ya kupigana na magonjwa.

Katika kitabu kile alieleza kila ugonjwa: dalili zake, sababu zake, na jinsi ya kumtunza mgonjwa. Dawa alizozitaja hazikuwa nyingi. Kwa homa za vipindi alisifu ganda la mti wa kinini, mti ule uliotoka Amerika ya Kusini, ambao baadaye ulipandwa hata katika Kivu yetu. Lakini mara nyingi alitaja vitu ambavyo maskini wanavyo nyumbani: maji safi, shayiri, asali, hewa nzuri, na kupumzika. Aliwaonya watu wasimsadiki mwuza dawa apitaye njiani, anayeahidi kuponya magonjwa yote kwa chupa moja.

Kitabu kilipata mafanikio makubwa. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya, na kilichapishwa tena na tena. Na tangu hapo jina la Tissot likajulikana mahali ambapo mguu wake haukufika kamwe.

4. Maswali ya mganga

Sasa barua zikaanza kuja. Zilitoka Uswisi, Ufaransa, Italia, Ujerumani na mbali zaidi. Wengine waliandika wenyewe. Wengine waliandikiwa na mganga wao, na wengine na mume au mke au padri wa parokia yao. Kila mmoja alieleza maumivu yake, akaomba shauri. Barua nyingi zilihifadhiwa, na hata leo zaidi ya elfu moja ziko katika maktaba ya Lausanne.

Lakini mganga atamtibuje mtu asiyemwona? Hawezi kumshika mkono na kusikiliza mapigo ya moyo. Hawezi kutazama ulimi wake, wala kumbonyeza tumbo. Analo jambo moja tu: maneno ya mgonjwa. Na wagonjwa wengi hawajui kueleza. Huandika kurasa nyingi za kulia, lakini hawataji ugonjwa ulianza lini.

Tissot alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Mwisho wa kitabu chake aliweka orodha ya maswali, ambayo mtu anayekwenda kwa mganga, au anayemtuma mwingine, sharti ajue kuyajibu. Mgonjwa ana miaka mingapi? Zamani alikuwa na afya njema? Anafanya kazi gani? Ameugua tangu lini, na ugonjwa ulianzaje? Ana homa? Ana nguvu au hana? Analala kitandani mchana kutwa au anatembea? Anaumwa mahali gani? Anasikia kiu? Anatamani chakula? Anapata usingizi? Anatapika? Choo chake ni cha namna gani? Amekwisha tumia dawa gani, na zilimfanyia nini?

Maswali hayo yaonekana mepesi. Lakini yalimfundisha mgonjwa kujitazama mwenyewe kwa makini, na kusema kweli bila kuongeza wala kupunguza. Hata leo mganga wa hospitali huanza kwa maswali kama hayo. Kwa hiyo mtoto anayeulizwa na mganga asione haya, wala asinyamaze. Jibu la kweli ni mwanzo wa dawa.

5. Mgonjwa wa kichwa na tumbo

Tutwae mfano, ili tuelewe kazi ya Tissot. Mgonjwa huyu si mtu mmoja mwenye jina. Ni sura ya wagonjwa wengi waliomwandikia.

Tufikiri mtu wa miaka arobaini, mwenye kazi ya kuandika katika mji wa Ufaransa. Mchana kutwa ameketi mezani, na usiku anasoma vitabu kwa mwanga wa mshumaa. Anakula haraka, mara nyingi nyama yenye viungo vikali, akiwa bado na kitabu mkononi. Ili asisinzie anakunywa kahawa nyingi. Tangu miaka kumi anaumwa. Kila baada ya siku kumi au kumi na tano kichwa kinamshika upande mmoja, juu ya jicho, kama mtu anayepigiwa msumari. Hawezi kuvumilia mwanga wala kelele. Anajifungia katika chumba chenye giza. Kichefuchefu kinampata, na baada ya saa nyingi anatapika maji machungu. Kisha analala, na akiamka maumivu yamekwisha. Katika siku za katikati kichwa hakiumi, lakini tumbo halina raha: lajaa pepo, na kiungulia chamwunguza kifuani baada ya kula.

Kwa Kiswahili ugonjwa wa kichwa wa namna hii huitwa kipanda uso. Waganga wengine walikuwa wamekwisha mtoa mtu huyu damu mara nyingi, na kumpa dawa kali za kuharisha, hata akakonda na kuwa dhaifu. Amekata tamaa. Anaogopa kwamba atapoteza kazi yake, na watoto wake watakosa chakula. Ndipo anapomwandikia Tissot.

Mganga anaisoma barua polepole. Anauliza kwanza: maumivu ni ya kila siku, au yanakuja na kwenda? Ni ya kichwa chote, au ya upande mmoja? Kwa maana Tissot alijua kutenga kipanda uso na maumivu mengine ya kichwa. Katika kitabu chake kikubwa juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, kilichoanza kutoka mwaka wa 1778, alieleza kipanda uso kwa uangalifu hata waganga waliomfuata walikitumia kitabu hicho kwa miaka mingi.

Kisha anaandika shauri lake. Hatumi chupa ya dawa ya ajabu. Anamwambia mgonjwa abadili maisha yake. Asiketi tena mchana kutwa. Kila siku atembee kwa miguu, au apande farasi, katika hewa safi. Afungue dirisha la chumba chake. Ale chakula kichache na chepesi, akitafune vizuri, na akili yake iwe mezani, si katika kitabu. Aache viungo vikali na kahawa. Anywe maji safi. Alale mapema, na mshumaa uzimwe. Aache kutolewa damu na dawa za kuharisha, kwa sababu zimekwisha mnyang'anya nguvu. Ili tumbo lipate nguvu, anywe maji ya majani machungu.

Shauri la namna hii halileti faida kwa siku mbili. Mgonjwa sharti adumu nalo miezi mingi. Hapo ndipo pagumu. Kumeza dawa ni kazi ya mara moja, lakini kuacha desturi mbaya ni kazi ya kila siku. Wagonjwa wengine walikosa subira, wakaacha. Wengine walishika shauri, na maumivu yakapungua.

Juu ya watu wanaokaa na vitabu Tissot alikuwa amekwisha andika kitabu kizima. Mwaka wa 1766 alifanywa mwalimu katika chuo cha Lausanne, na siku ya kuanza alihubiri juu ya afya ya watu wa elimu. Mwaka wa 1768 kikatoka kitabu chake cha Kifaransa juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba anayechosha akili bila kupumzika, na kuuacha mwili ukae bure, ataharibu vyote viwili. Tumbo lake litakuwa la kwanza kulalamika.

6. Mahali alipokosea

Tissot alifikiri kwamba kipanda uso hutoka tumboni. Tazameni jinsi alivyofikiri. Aliona kwamba tumbo la mgonjwa ni dhaifu. Aliona kwamba mgonjwa akitapika, maumivu ya kichwa huisha. Basi akasema: kitu kibaya hukusanyika tumboni polepole, siku kwa siku, kikizidi, huchokoza mishipa ya fahamu ya tumbo, na mishipa hiyo hupeleka uchungu mpaka kichwani, juu ya jicho. Tumbo likijisafisha, uchungu hutulia, kisha mambo huanza tena.

Shauri lilikuwa zuri kwa akili, lakini si kweli. Leo waganga wanajua kwamba kipanda uso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mara nyingi hupatikana katika jamaa moja, wazazi na watoto. Kichefuchefu na kutapika ni matunda ya ugonjwa. Si mzizi wake. Tissot aliona mambo mawili yakifuatana, akadhani moja ni mama wa lingine.

Mbona basi wagonjwa wake wengine walipata nafuu? Kwa sababu kukosa usingizi, kuruka saa za chakula, na kujichosha mno huweza kuamsha kipanda uso. Mtu anayelala saa zake, anayekula kwa utaratibu na kutembea katika hewa safi, huumwa mara chache zaidi. Tena wale walioacha kutolewa damu walipata nguvu zao. Sababu aliyoitaja Tissot haikuwa sawa, lakini shauri lake lilikuwa jema, kwa kuwa alilitoa katika kuwatazama wagonjwa na si katika vitabu tu.

Tusisahau pia kwamba yeye mwenyewe alitoa damu katika magonjwa mengine, kama waganga wote wa siku zake. Hakuna mtu anayeweza kuruka nje ya wakati wake kabisa. Lakini alizipunguza desturi nyingi zilizoua watu, na hiyo si kazi ndogo.

7. Wafalme wanamwita

Sifa za Tissot zilifika katika nyumba za wafalme. Mfalme wa Poland alimtaka awe mganga wake. Mfalme wa Uingereza, aliyetawala pia nchi ya Hanover, alimtaka vilevile. Mishahara ilikuwa mikubwa na heshima nyingi. Tissot aliwashukuru wote, akakataa. Alibaki Lausanne.

Mara moja tu alikubali kuondoka. Kaisari Joseph wa Pili alimwomba akafundishe katika chuo kikuu cha Pavia, Italia ya kaskazini, iliyokuwa chini ya enzi yake. Tissot alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Akaenda mwaka wa 1781, akafundisha vijana kando ya vitanda vya wagonjwa, wapate kujifunza kwa macho na mikono yao. Wanafunzi wake walimheshimu hata wakamwekea jiwe la marumaru lenye maneno ya sifa. Mwaka wa 1783 akarudi kwake, kwenye ziwa lake na barua zake.

8. Barua isiyojibiwa

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1787, barua moja ilitoka Ajaccio, mji wa kisiwa cha Korsika. Aliyeiandika alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, askari wa mizinga mwenye cheo kidogo. Hakuomba dawa kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa na ndugu wa babu yake, padri mkuu wa kanisa la Ajaccio, mzee wa karibu miaka sabini, aliyeshikwa na jongo. Magoti na miguu vilimvimba na kumwuma sana. Baba wa kijana alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla, na yule mzee ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Kijana alieleza ugonjwa kama alivyoweza, akamwomba mganga mkuu awasaidie. Jina la kijana huyo lilikuwa Napoleon Bonaparte.

Tissot aliisoma. Kisha aliandika juu yake kwamba haikujibiwa, na kwamba haina jambo kubwa ndani yake. Akaiweka pamoja na barua nyingine.

Sisi tunajua habari ambazo Tissot hakuzijua. Yule askari mdogo alikuja kuwa Kaisari wa Wafaransa, naye akaitetemesha Ulaya yote. Lakini, watoto, msifikiri kwamba kosa ni kutomjibu mtu atakayekuwa mkubwa. Napoleon angebaki askari mdogo hata kufa kwake, barua ile ingestahili jibu vilevile, kwa maana ndani yake mlikuwa na mzee anayeumia, na kijana wa jamaa yake anayemhurumia. Yule mzee alikufa mwaka wa 1791.

Pengine tutasema Tissot alikuwa mzee kidogo, na barua zilikuwa nyingi mno mezani pake. Ni kweli. Mtu aliyejibu watu mamia kwa mamia tusimhukumu kwa barua moja. Lakini barua hiyo yatukumbusha kwamba hata mtu mwema huchoka, na anapochoka asiyejulikana ndiye anayesahauliwa kwanza.

9. Mwisho wake

Tissot alikufa Lausanne mwaka wa 1797, akiwa na miaka sitini na tisa. Mwaka uliofuata nchi yake ya Vaud iliondoka chini ya utawala wa Bern.

Hakuvumbua dawa mpya iliyoitwa kwa jina lake. Alifanya jambo lingine. Aliwafundisha watu wa kawaida kwamba afya yao i mikononi mwao kwa sehemu kubwa: katika maji wanayokunywa, katika hewa ya chumba chao, katika saa za kula na za kulala. Aliwafundisha wagonjwa kusema kweli, na waganga kusikiliza kabla ya kuagiza.

Nanyi, watoto, kichwa kikiwauma, au tumbo, msikimbilie kwa mwuza vidonge wa sokoni. Waambieni wazazi wenu, nendeni zahanati, na mkiulizwa na mganga mjibu vizuri: tangu lini, mahali gani, mmekula nini, mmelala saa ngapi. Na mkija kuwa waganga ninyi wenyewe, au wauguzi, au walimu, ikumbukeni ile barua ya Ajaccio.

Maswali

1. Tissot alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Watu wa zamani waliwatunzaje wagonjwa wa homa? Tissot alibadili nini?
3. Kwa nini Tissot alihitaji kuandika orodha ya maswali?
4. Taja mashauri matano aliyowapa wagonjwa wa kichwa na tumbo.
5. Tissot alikosea nini juu ya kipanda uso? Mbona shauri lake lilifaa?
6. Kama ungekuwa Tissot, ungemjibuje yule kijana wa Ajaccio? Andika barua fupi.